Viendelezi vya Kivinjari: Kipi Kisakinishwe, Kipi Kiachwe

Kiendelezi ni programu ndogo inayowekwa ndani ya kivinjari, iwe Chrome, Firefox, Edge au Safari, ili kivinjari hicho kifanye kazi ambayo hakikuja nayo. Kuna kinachozuia matangazo, kinachotunza nywila, kinachosahihisha tahajia, kinachotafsiri ukurasa mzima, kinachopakua video. Vingi ni vya bure, na kukisakinisha kimoja hakuchukui hata dakika: mtu anabofya kitufe, dirisha dogo linatokea likiorodhesha ruhusa zinazoombwa, anakubali bila kusoma, kazi imekwisha. Dirisha hilo ndilo mkataba wenyewe, na wengi hulipita bila kulitupia jicho.

Ruhusa nzito kuliko zote, na inayoombwa sana, ni ile inayosema kwamba kiendelezi kinaweza kusoma na kubadilisha data yote ya mtumiaji kwenye tovuti zote anazotembelea. Maneno hayo hayakutiwa chumvi. Kusoma ni kusoma kila kilicho kwenye ukurasa baada ya mtu kuingia kwenye akaunti yake: barua pepe, salio la benki, majibu ya hospitali, namba ya kitambulisho, hata herufi za nywila wakati zinachapwa kwenye kisanduku. Kubadilisha nako ni kubadilisha kweli. Kiendelezi kinachoweza kufuta tangazo kwenye ukurasa kinaweza, kwa uwezo huo huo, kufuta namba ya akaunti kwenye ankara iliyofunguliwa na kuandika namba nyingine, na mhasibu akailipa akiamini anachokiona kwenye skrini.

Alama ya kufuli na herufi https mwanzoni mwa anwani ya tovuti haziondoi hatari hiyo. Kazi yake ni kuonyesha kwamba mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti yamefumbwa, hivi kwamba aliye njiani, kwa mfano mwenye Wi-Fi ya hoteli, hawezi kuyasoma. Kiendelezi hakiko njiani. Kiko ndani ya kivinjari, mahali ambapo ukurasa umekwisha kufumbuliwa ili binadamu ausome. Programu ya kuzuia virusi nayo mara nyingi haioni kasoro, maana anayetuma data ni kivinjari chenyewe, ambacho kutwa kucha kazi yake ni kutuma na kupokea data. Hata uthibitishaji wa hatua mbili, ule wa kupokea namba ya siri kwenye simu, hulinda wakati wa kuingia tu. Mtu akishaingia, tovuti hukiachia kivinjari kidakuzi cha kumtambulisha ili asiulizwe nywila kila anapofungua ukurasa mpya. Kiendelezi chenye ruhusa ya kutosha kinaweza kukichukua kidakuzi hicho na kukituma kwingine, na aliyekipokea akaingia kwenye akaunti ile bila kuulizwa nywila wala namba ya siri.

Hatari hii ni tofauti na ile waliyoizoea watumiaji wa kompyuta wa miaka ya 2000. Wakati huo kivinjari kilitegemea programu-jalizi kama Flash na Java, ambazo zilikuwa programu kamili za kompyuta zilizochomekwa kwenye kivinjari. Ubaya wake ulikuwa matundu: kasoro moja kwenye Flash ilitosha kumpa mdukuzi nafasi ya kuingia kwenye kompyuta nzima. Chrome iliacha kuzikubali programu-jalizi za aina hiyo ya zamani mwaka 2015, Firefox ikafuata mwaka 2017 isipokuwa kwa Flash, na Flash yenyewe ikafikia mwisho wake tarehe 31 Desemba 2020. Viendelezi vya leo vimefungiwa ndani ya kivinjari na kwa kawaida haviruhusiwi kujipitishapitisha kwenye mafaili ya kompyuta. Hayo ni maendeleo ya kweli. Ila katika miaka hiyo hiyo maisha ya watu nayo yamehamia ndani ya kivinjari: benki, kodi, mishahara, mikopo ya wanafunzi, barua za ofisi, mazungumzo ya WhatsApp kwenye kompyuta. Mwizi hana haja tena ya kufika kwenye mafaili. Kila anachokitaka kinapita kwenye ukurasa wa wavuti.

Kiendelezi kibaya hakizaliwi kibaya kila mara, na hapa ndipo uamuzi wa kusakinisha unapokuwa mgumu. The Great Suspender kilikuwa kiendelezi cha Chrome kilichosaidia sana kompyuta zenye kumbukumbu ndogo: kilivilaza vichupo ambavyo havijaguswa kwa muda, na kompyuta ikapumua. Watumiaji wake walifika takribani milioni 2. Msimbo wake ulikuwa wazi, yeyote mwenye ujuzi aliweza kuusoma. Mwezi Juni 2020 aliyekitengeneza alikiuza kwa mtu ambaye watumiaji hawakujulishwa ni nani. Miezi michache baadaye mmiliki mpya alipandisha toleo jipya kwenye duka la Chrome, toleo ambalo halikulingana na msimbo ule uliowekwa hadharani, na ndani yake kulikuwa na uwezo wa kuvuta maagizo kutoka seva ya nje. Tarehe 4 Februari 2021 Google ilikiondoa dukani na kukizima kwenye kompyuta za watumiaji kwa sababu ya programu hasidi. Watu wale wote walikuwa wamechagua vizuri siku waliyokisakinisha. Yaliwapata yale ya duka la mtaani lililouzwa usiku huku bango la mwenyewe wa zamani likiachwa juu ya mlango, na wateja wakaendelea kuingia.

Biashara hiyo ya kununua viendelezi ina mantiki yake. Mtengenezaji wa kiendelezi cha bure mara nyingi ni mtu mmoja anayefanya kazi jioni bila malipo, akijibu malalamiko ya maelfu ya watu asiowajua. Siku moja inakuja barua pepe ya kumwahidi fedha. Kinachonunuliwa si msimbo, maana msimbo unaweza kuandikwa upya kwa wiki chache. Kinachonunuliwa ni ruhusa ambazo watumiaji walikwisha kuzitoa, pamoja na njia ya kuwapelekea toleo jipya bila kuwauliza. Vivinjari vyenyewe hutafuta masasisho ya viendelezi mara kwa mara, na kuyasakinisha kimyakimya.

Njia hiyo hiyo ya masasisho inaweza kutekwa bila hata kununuliwa. Kisa cha Cyberhaven, kampuni ya Marekani inayouza ulinzi wa data, kinaeleza vizuri namna inavyofanyika. Tarehe 24 Desemba 2024, mkesha wa Krismasi, mfanyakazi wa kampuni hiyo alipokea barua pepe iliyojifanya imetoka duka la Chrome, ikidai kwamba kiendelezi chao kimevunja masharti na kiko mbioni kuondolewa. Alibofya kiungo. Kilimpeleka kwenye ukurasa halisi wa Google, ule wa kuidhinisha programu nyingine itumie akaunti, na programu iliyoomba idhini ilijiita Privacy Policy Extension. Akaidhinisha. Nywila yake haikuibwa, na uthibitishaji wa hatua mbili uliokuwa umewashwa haukusaidia kitu, kwa kuwa mwenyewe ndiye aliyetoa idhini. Wadukuzi wakapata haki ya kupandisha matoleo. Walipandisha toleo namba 24.10.4, likapita kwenye ukaguzi wa duka, na kuanzia saa 10:32 alfajiri ya tarehe 25, kwa saa za Afrika Mashariki, likaanza kuingia kwenye kompyuta za wateja. Lilibaki huko kwa muda wa zaidi kidogo ya saa 25. Kiendelezi hicho kilikuwa na watumiaji wapatao 400,000, na kilicholengwa hasa ni akaunti za matangazo ya biashara za Facebook. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba viendelezi vingine zaidi ya 30, vya watengenezaji mbalimbali, viliguswa na kampeni hiyo.

Kisa hicho hakikuwa cha kwanza. Mwaka 2017 kiendelezi cha Web Developer, kinachopendwa na watengeneza tovuti, kilitekwa kwa barua pepe ya ulaghai iliyotumwa kwa mwenye nacho. Septemba 2018 ikawa zamu ya kiendelezi cha MEGA, huduma ya kuhifadhi mafaili: toleo la bandia lilinyakua majina na nywila za watu waliokuwa wakiingia Amazon, Google, Microsoft na GitHub. Wenye viendelezi hivyo hawakuwa na nia mbaya hata chembe. Uaminifu wa mtengenezaji, basi, ni jambo la lazima lakini halitoshi. Kinachobaki mikononi mwa mtumiaji ni ukubwa wa ruhusa alizozitoa, kwa sababu huo ndio ukubwa wa hasara siku mtengenezaji atakapotekwa.

Kuna na kundi la tatu, ambalo halina mdukuzi wala mnunuzi wa siri. Hili ni la viendelezi vinavyokusanya historia ya kuvinjari na kuiuza, na vingine huyaandika hayo katika sera ya faragha ndefu isiyosomwa na mtu. Mwezi Novemba 2016 waandishi wa NDR, shirika la utangazaji la Ujerumani, walifichua kwamba Web of Trust, kiendelezi kilichowekwa na watu ili kiwaambie tovuti ipi ni salama, kilikuwa kikipeleka historia za watumiaji wake sokoni, na kwamba kutokana na data hiyo waliweza kuwatambua watu kwa majina. Mwaka 2018 Stylish, kinachobadilisha mwonekano wa tovuti, kilikutwa kikituma nje orodha ya kurasa zote zinazofunguliwa. Julai 2019 mtafiti Sam Jadali alichapisha uchunguzi aliouita DataSpii, uliohusu viendelezi 8 vyenye watumiaji wafikao milioni 4, kikiwemo kimoja cha kupakulia video na kingine cha kukuzia picha.

Uchunguzi wa Jadali unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mtu anaweza kudhani kwamba orodha ya anwani za tovuti haina siri yoyote. Huduma nyingi za mtandaoni hutoa kiungo kirefu chenye herufi zisizobahatishika, na yeyote mwenye kiungo hicho anafungua waraka: tiketi ya ndege, fomu ya kodi, majibu ya daktari, ripoti ya kampuni. Anwani yenyewe ndiyo nywila. Viendelezi vile vilipokusanya anwani, vilikusanya na nyaraka, na mtu yeyote aliyelipia huduma ya takwimu iliyokuwa ikiziuza aliweza kuzifikia. Baadhi ya viendelezi hivyo vilisubiri wiki kadhaa baada ya kusakinishwa kabla ya kuanza kukusanya. Anayekijaribu kiendelezi siku ya kwanza, akaona kimetulia na akaridhika, hajajua bado.

Kundi la mwisho ni viendelezi vya kughushi tangu siku ya kwanza. Oktoba 2017 kiendelezi kilichovaa jina la AdBlock Plus kilikaa kwenye duka la Chrome mpaka watu 37,000 wakakisakinisha kabla ya kuondolewa. Mwaka 2023, ChatGPT ilipokuwa gumzo la dunia nzima, vilizuka viendelezi vilivyojinadi kwa jina hilo, na kimojawapo kiliteka akaunti za Facebook za waliokisakinisha. Kila kitu kipya kinachovuma huleta wimbi kama hilo. Majina yanayofanana nayo huchanganya hata bila nia ya wizi: kizuia matangazo kinachoitwa uBlock Origin ni kazi ya Raymond Hill, na kile kinachoitwa uBlock bila neno la pili ni cha watu wengine.

Maduka ya viendelezi hufanya ukaguzi, na itakuwa si haki kusema hayafanyi kazi. Google ilitangaza mwaka 2024 kwamba usakinishaji uliokutwa na programu hasidi haukufika asilimia 1 ya usakinishaji wote kutoka duka la Chrome, duka lenye viendelezi zaidi ya 250,000. Lakini asilimia ndogo ya kitu kikubwa mno bado ni watu wengi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na kituo cha CISPA cha Ujerumani walipochambua duka hilo kuanzia Julai 2020 hadi Februari 2023, walikuta viendelezi vyenye matatizo ya usalama vikiwa vimesakinishwa na watumiaji milioni 346, na milioni 280 kati yao walisakinisha vyenye programu hasidi. Kiendelezi cha namna hiyo kilikaa dukani siku 380 kwa wastani. Kimoja, TeleApp, kilisasishwa mara ya mwisho Desemba 2013 na kikagunduliwa kuwa hasidi Juni 2022.

Watafiti hao hao waliona kwamba nyota zinazotolewa na watumiaji hazitenganishi kizuri na kibaya. Jambo hilo lina sababu rahisi. Kiendelezi kinachoiba hufanya pia kazi kilichoahidi, na kinaifanya vizuri; mtumiaji anaisifu kazi anayoiona. Nyota 4 na nusu zinaeleza kwamba video zinapakuliwa, hazielezi kitu kingine. Afadhali kusoma maoni ya karibuni yenye nyota moja, ambamo mara nyingine hutokea mtu akalalamika kwamba utafutaji wake umeanza kupelekwa tovuti nyingine au matangazo yamezuka yasipokuwepo. Beji nazo zina thamani inayotofautiana. Ile ya Firefox ya viendelezi vinavyopendekezwa hutolewa baada ya wataalamu wa Mozilla, wenye Firefox, kukagua usalama wa kiendelezi, na ukaguzi hurudiwa kinaposasishwa. Beji za Chrome huonyesha kwamba mchapishaji amethibitisha utambulisho wake na kwamba kiendelezi kinafuata taratibu nzuri za kiufundi. Hizo ni dalili njema tu, si dhamana.

Kwa hiyo uamuzi unaanza kabla ya kufungua duka, kwa kuuliza kama kiendelezi chenyewe kinahitajika. Kazi nyingi ambazo watu huzitafutia viendelezi zimo tayari ndani ya kivinjari au kompyuta. Chrome na Firefox hufungua PDF bila msaada, na ukurasa wowote unaweza kuhifadhiwa kuwa PDF kupitia amri ya kuchapisha. Windows hupiga picha ya skrini yenyewe. Chrome hutafsiri kurasa na kutunza nywila. Mwonekano wa giza, ambao viendelezi vyake ni chungu nzima, upo kwenye mipangilio ya tovuti nyingi kubwa. Anayeyajua haya atagundua kwamba nusu ya orodha aliyoitaka imejifuta.

Kikibaki kinachohitajika kweli, ruhusa zake zipimwe kwa kazi yake. Kizuia matangazo hakiwezi kufanya kazi bila kuona kurasa, na kitunza nywila lazima kiguse fomu za kuingilia. Kwa hivyo ruhusa pana ina sababu, na ndiyo maana vya aina hii vinapaswa kuwa vichache na vya watu wanaojulikana kwa miaka. Kikokotoo, saa, kibadilisha fedha au picha ya mandhari ya kichupo kipya havina sababu yoyote ya kusoma barua pepe ya mtu. Kikokotoo kinachoomba tovuti zote kimekwisha kujieleza, na jibu ni kufunga ukurasa wake. Mtu asijishawishi kwamba pengine kuna sababu ya kiufundi asiyoifahamu. Ikiwa mtengenezaji ana sababu, aiandike mahali inaposomeka.

Halafu ukurasa wa kiendelezi dukani usomwe mpaka chini, sehemu ambayo wengi hawafiki. Huko kuna jina la mchapishaji, barua pepe yake, tovuti yake, tarehe ya sasisho la mwisho, na maelezo ya data anayodai kukusanya. Mchapishaji asiye na tovuti, mwenye barua pepe ya kubahatisha na sera ya faragha iliyonakiliwa kutoka kwingine, hajajenga msingi wa kuaminiwa. Kiendelezi kisichoguswa kwa miaka nacho ni cha kutilia shaka, kwa kuwa huenda mwenyewe amekitelekeza na kimekuwa bidhaa inayongoja mnunuzi. Ili kukwepa vya kughushi, ni bora kuanzia tovuti rasmi ya mtengenezaji na kufuata kiungo chake hadi dukani kuliko kuandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia na kubofya cha kwanza kinachotokea. Katika Chrome kila kiendelezi kina utambulisho wa herufi 32 unaoonekana kwenye anwani ya ukurasa wake. Jina linaweza kuigwa, picha ikaigwa, lakini herufi hizo ndani ya duka haziigwi. Kiendelezi kinachotoka nje ya duka, faili lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp au Telegram pamoja na maelekezo ya kuwasha hali ya msanidi, kisisakinishwe kabisa.

Baada ya kusakinisha, bado kuna nafasi ya kupunguza. Katika Chrome, ukurasa wa viendelezi hufunguka kwa kuandika chrome://extensions kwenye upau wa anwani, na ndani ya maelezo ya kila kiendelezi kuna mpangilio wa tovuti kinazoruhusiwa kuzifikia: kwenye tovuti zote, kwenye tovuti mahususi tu, au pale tu mtumiaji anapokibofya. Mpangilio huu ni kinga kubwa, na wengi hawajawahi kuufungua. Kisahihisha tahajia kinachohitajika kwenye tovuti moja ya kuandikia kifungiwe huko. Kipakua picha kingoje kubofywa. Siku kitakapouzwa au kutekwa, kitaona ukurasa mmoja badala ya benki, hospitali na ofisi kwa pamoja. Toleo jipya likiomba ruhusa nzito kuliko za awali, Chrome hukizima kiendelezi mpaka mtumiaji akubali upya. Onyo hilo ndilo pekee atakalolipata, na halistahili kubofywa kwa mazoea. Kiendelezi kilichopewa tovuti zote tangu mwanzo hakina tena cha kuomba ili kusoma ukurasa wowote, na toleo lake la wizi linaweza kuja bila onyo lolote.

Njia nyingine iliyo nyepesi ni kutenga kazi za fedha. Chrome, Edge na Firefox huruhusu wasifu zaidi ya mmoja kwenye kompyuta moja, na kila wasifu una viendelezi vyake. Wasifu mmoja ukiachwa mtupu, bila kiendelezi hata kimoja, ukatumika kwa benki na ofisi tu, hatari nyingi zilizoelezwa hapa hukatika. Dirisha la faragha nalo husaidia, kwa sababu Chrome na Firefox haviviruhusu viendelezi humo isipokuwa mwenyewe ameviruhusu. Kwenye simu hali ni tofauti kidogo: Chrome ya kawaida ya simu za Android haipokei viendelezi, lakini Firefox ya Android ilifungua mlango kwa viendelezi vingi Desemba 2023, na Safari ya iPhone ilianza kuvikubali mwaka 2021. Anayetumia hizo apime kwa vipimo vile vile.

Mahali ambapo jambo hili lina uzito wa pekee Afrika Mashariki ni kwenye kompyuta zinazotumiwa na wengi. Katika steshenari ya karibu na chuo, Tanzania, au kwenye cyber ya Kenya, kompyuta moja hupokea wanafunzi wanaojaza maombi ya mkopo wa HESLB au HELB, wafanyabiashara wanaowasilisha ritani za kodi, akina mama wanaotafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vijana wanaotuma maombi ya kazi. Kila mmoja anaingiza namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi, nywila. Kiendelezi kilichowekwa na mteja mmoja ili apakue video, kikasahaulika, kinaona kurasa za wote watakaokaa kwenye kiti hicho. Mteja anayeingia kwenye Chrome kwa akaunti yake ya Google na kuwasha usawazishaji anaweza hata kukibeba mpaka kompyuta yake ya nyumbani, kwa kuwa viendelezi ni miongoni mwa vitu vinavyosawazishwa. Dawa ya mteja ni kutumia dirisha la mgeni, ambalo Chrome hulifungua bila viendelezi na kufuta kila kitu likifungwa. Dawa ya mwenye duka ni kuvifuta viendelezi vyote kwenye kompyuta za wateja na kuzuia usakinishaji mpya, kazi ambayo fundi wa kompyuta huikamilisha kwa sera ya Chrome ndani ya muda mfupi.

Kiendelezi kikigundulika kuwa kibaya, kukizima hakutoshi. Kiondolewe kabisa, kisha mtumiaji afunge vipindi vyote vilivyo wazi kwenye akaunti zake, maana kidakuzi kilichoibwa kinaweza kuendelea kufanya kazi hata baada ya kiendelezi kutoweka. Google, Facebook na huduma nyingine kubwa zina kitufe cha kutoka kwenye vifaa vyote. Nywila zibadilishwe kutoka kifaa kingine kilicho safi, kwa kuanza na barua pepe, kwa sababu barua pepe ndiyo inayotumika kurejesha nywila nyingine zote. Programu zilizoidhinishwa kutumia akaunti zikaguliwe na zisizojulikana ziondolewe. Benki ijulishwe mapema kama ukurasa wake ulifunguliwa katika kipindi hicho. Mtu asitegemee kwamba kiendelezi kilichotoweka dukani kimetoweka na kwake: kinapoondolewa na Google kwa uhasidi huzimwa kwenye kompyuta za watu, ila kinapoondolewa na mwenyewe kinaweza kubaki kilipokwisha sakinishwa, na Chrome hukionyesha kwenye ukaguzi wake wa usalama endapo mtumiaji ataufungua.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili zinamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu azilinde, na malalamiko hupokelewa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kule Nairobi na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nchini Tanzania. Mtengenezaji wa kiendelezi aliyejificha nchi ya mbali ni vigumu kumfikisha popote. Mwenye steshenari, mwenye cyber na mkuu wa ofisi wanafikika, na ukurasa wa viendelezi kwenye kompyuta zao unahitaji kufunguliwa leo.